Kilichobaki Kikombeni

Makanisa saba ya mji wa Tamarack hayajawahi kukubaliana jambo. Hayakubaliani kama ubatizo ni wa kumwagiwa maji au wa kuzamishwa, hayakubaliani nani ataingia mbinguni, na habari ya nani aegeshe gari wapi siku ya Jumapili ndiyo usiseme kabisa. Lakini majira moja ya baridi mzee mmoja alikutwa ameganda nyuma ya ghala la samaki, amejifunika magazeti, na wakubwa wa makanisa wakaona haya wote kwa pamoja. Wakaketi meza moja, wakaanzisha kitu walichokiita Mzunguko. Kuanzia Novemba mpaka Machi kila kanisa lingewalaza wasio na makazi usiku mmoja wa wiki. Jumamosi kwa Wakatoliki wa Mtakatifu Kunegunda, Jumapili kwa Njia Nyembamba, Jumatatu kwa Walutheri, na kuendelea hivyo mpaka wiki igeuke. Waliolazwa waliitwa wageni, ingawa wengi wao wamezaliwa hapa hapa na wazazi wao wamezikwa hapa hapa.

Kilichotaka kuuvunja Mzunguko kabla haujaanza kilikuwa divai. Watu wa Njia Nyembamba hawagusi kileo, hata ushirika wao ni wa juisi ya zabibu, wakasema hawatashirikiana na kanisa linalowanywesha wageni kwa kisingizio cha ibada. Bi. Theodora Brandl, aliyewawakilisha Wakatoliki, akasimama akaahidi kwamba hakuna mgeni wa Mzunguko atakayepewa kikombe Mtakatifu Kunegunda, hata tone. Watapewa mkate tu. Wakapeana mikono. Na sheria ikawa moja kwa wote: atakayepulizia kipimo akakutwa na pombe, nje mwezi mzima, milango yote saba. Wageni wenyewe waliambiwa habari ya kipimo. Habari ya ahadi ya Bi. Brandl hawakuambiwa, maana nani huwaambia wageni mambo ya kamati?

Jumapili ndiyo siku mbaya kuliko zote. Maktaba imefungwa, ofisi ya ustawi imefungwa, na Wakatoliki huwatoa watu ukumbini asubuhi kwa sababu watoto wa katekisimu wanaingia. Jumapili ninayoisimulia, Delphine Pawlak na mumewe Leonard, ambaye mji mzima unamwita Lenny, walikuwa kwenye dobi la mashine la Mtaa wa Pili, wakifua taulo.

"Mama," msichana wa dobi alisema, "taulo hiyo si mmeshaifua?"

"Ina doa."

"Mmekuwa mkiifua tangu niingie kazini."

"Basi ni doa sugu," Delphine alisema, akatia sarafu nyingine.

Lenny akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka akashika ukingo wa mashine. Alikuwa ametoka hospitali siku si nyingi. Mapafu yake yalikuwa yamejaa maji. Daktari alimwambia akipigwa tena na baridi namna ile hatapona, akamwambia hivyo hivyo, kama anayemtajia mtu saa ya basi. Kaa ndani, alisema. Lenny akamuuliza, ndani ya nini, daktari? Daktari akaangalia saa yake.

"Bosi akija atanifokea mimi," msichana alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Si mimi, jamani. Ningekuwa mimi mngekaa tu."

"Tunajua, binti. Tunaondoka."

Walitoka na taulo mbichi. Kabla hawajafika kona ilikuwa imekauka na kusimama kama ubao, na Lenny akaibeba kwapani akisema sasa angalau wana meza. Delphine hakucheka. Miguu yake ilikuwa na vidonda vya kisukari vilivyokataa kupona, na kila hatua aliipiga ameuma meno.

"Twende kwa Kunegunda," Lenny alisema. "Kuna misa saa kumi na moja. Pana joto."

"Mimi si Mkatoliki."

"Hawakupimi imani mlangoni."

"Afadhali wapime imani. Wale wa leo usiku wanapima pumzi," Delphine alisema. Alisema kwa mzaha tu, kwa sababu hilo halikuwahusu. Lenny alikuwa hajagusa pombe miaka kumi na mmoja, na katika yote waliyopoteza, nyumba, gari, sofa la mama yake, miaka hiyo ndiyo mali pekee waliyobaki nayo.

*

Delphine alichagua benchi lililo karibu na hita, akalala kabla ya injili. Lenny alifuata misa yote, alipiga magoti pale pa kupiga, akaenda mbele akapokea mkate. Penye kikombe alipita ameinamisha kichwa, kama alivyopita miaka yote kumi na mmoja. Wala hakuwa peke yake. Wiki ile mafua yalikuwa yamelaza nusu ya mji, na hakuna aliyetaka kugusa kikombe kilichoguswa na midomo ya mwenziwe. Bi. Brandl, aliyekishika, alisimama pale na tabasamu lake mpaka likachoka.

Misa ilipokwisha Lenny alibaki kukusanya vitabu vya nyimbo. Ndivyo alivyolipa. Hakuna aliyemwomba, lakini hakupenda kula cha watu bure, basi kila walipolala pale alihakikisha anafanya kitu, apange viti au afagie theluji ngazini. Padre alikuwa ameshaondoka mbio kwenda kusomea misa kigango cha mbali kabla barabara haijafungwa. Ndipo sauti ikatoka sakristia.

"Leonard! Njoo mara moja."

Bi. Brandl alikuwa amevaa koti tayari, funguo za gari mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Kikombe kilikuwa karibu kimejaa.

"Tazama balaa hili. Hakuna aliyekunywa."

"Nimeona. Wanaogopa mafua."

"Mimi siwezi. Nina dawa za moyo, tena nina barabara yote ile ya ziwani na barafu hii. Padre keshaondoka. Na hii haimwagwi, unajua. Wala hailazwi mpaka kesho."

Lenny alijua. Alitumikia altare ile ile akiwa mtoto, na padre wa enzi hizo aliwahi kumzaba kofi kwa tone moja lililodondoka zuliani, kisha akapiga magoti akalipangusa kwa kitambaa na kitambaa kikachomwa moto.

"Nisaidie, Leonard. Wewe ndiye unayejua heshima yake."

Sasa mtu atauliza, mlevi aliyeacha, mwenye kulala mahali panapopimwa pumzi, anapokeaje kikombe cha divai? Mimi nimewasikia wakiuliza, tena kwa dharau, watu wenye nyumba. Lakini fikirini. Tangu Novemba Lenny Pawlak alikuwa mtu wa kusaidiwa. Alipewa supu, alipewa soksi, alipewa mahali pa kusimama na saa ya kuondoka. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia nisaidie. Na kwa mafundisho aliyonyonya tangu utoto, kilichokuwa mkononi mwa Bi. Brandl hakikuwa divai hata kidogo. Ilikuwa Damu, inataka mtu wa kuipokea, na yeye amepewa heshima ya kuwa mtu huyo. Neno pombe halikupita kichwani mwake. Alipokea kwa mikono miwili, akainama, akanywa yote. Bi. Brandl akatia maji kusuuza, Lenny akayanywa na hayo, kama inavyotakiwa.

"Mungu akubariki," Bi. Brandl alisema, na akaondoka akiwaza barafu. Ahadi yake kwenye kamati haikumjia hata chembe.

Lenny alisimama pale kidogo. Tumboni hakukuwa na kitu tangu asubuhi, na joto lilishuka, likatanda kifuani, likamfikia mpaka vidole. Alilijua joto hilo. Akaogopa kidogo, halafu akajiambia ni neema, akaenda kumwamsha mkewe.

*

Mlango wa Njia Nyembamba ulisimamiwa na Harlan Tagg, ambaye kwa kazi yake husukuma theluji barabarani na trekta la manispaa. Ni jitu la mtu, lina mikono kama koleo, na sauti laini isiyomfaa. Baba yake alikunywa mpaka akauza vitanda vya watoto. Harlan hajaonja kileo maisha yake yote, na uongo hasemi. Akikutoza senti iliyozidi hukufuata mpaka kwako kuirudisha. Wageni walimwita Kaka Harlan, na walimpenda, kwa sababu alimpulizisha kila mtu bila kumtazama kama mshukiwa.

"Betri mpya hizi," alitangaza, akizitia mbele ya foleni yote. "Msije mkasema nawasingizia. Karibu, Dada Delphine, puliza. Sifuri. Ingia upate moto. Lenny, karibu, puliza."

Kifaa kikalia.

Harlan alikitazama, akakipangusa kwenye koti. "Puliza tena, ndugu yangu."

Kikalia tena. Kijana mmoja nyuma ya foleni akapiga mluzi. "Lenny! Umeipata wapi? Tupeleke na sisi!"

"Wewe, funga mdomo," Harlan alisema. "Lenny, umekula kitu? Umetumia dawa ya kikohozi?"

"Nimetoka misani," Lenny alisema. "Nimepokea kikombe."

"Komunyo ni tone tu. Tone haliwezi kufanya hivi."

"Kilibaki chote. Hakuna aliyekunywa. Ikabidi kimalizwe."

"Chote?"

"Harlan, ile si divai. Kwetu si divai."

"Najua mnavyoamini, na sibishani nawe. Lakini kifaa hiki hakijui mnavyoamini." Harlan alimvuta ndani ya kibaraza, akamkalisha kwenye kiti. "Tungoje robo saa. Labda ni iliyobaki mdomoni."

Delphine alikuwa ameshageuka. Alimshika mumewe kidevu kama mtoto, akamnusa. Uso ukamshuka.

"Miaka kumi na mmoja, Lenny."

"Sikufikiri ni pombe. Naapa mbele ya Mungu. Haikunijia."

"Ulifikiri ni nini, togwa?"

"Theodora Brandl aliniomba nimsaidie, Delphine."

Robo saa ilipita. Kifaa kikalia vile vile. Harlan alivua glavu, akampigia simu Bi. Brandl, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie, kwa sababu hakutaka mtu aseme amepindisha maneno.

"Bi. Brandl, samahani kukutoa mezani. Nina Leonard Pawlak hapa, kipimo kimemkamata. Anasema amemalizia kikombe cha misa, na kwamba wewe ndiye uliyempa. Ni kweli?"

Upande wa pili vijiko vilikuwa vikigonga sahani. Vikanyamaza. Bi. Brandl alikuwa na wageni, mkwewe na wakwe wa mkwewe, na sasa ile ahadi ikamrudia yote, neno kwa neno, pamoja na uso wa kila mtu aliyepeana naye mkono. Njia Nyembamba wakijua, watajitoa. Wakijitoa, Mzunguko umekufa, na atakayekuwa ameuua ni yeye.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikiacha kikombe sakristia, nikaenda kuzima taa. Niliporudi kilikuwa kitupu."

"Theodora!" Lenny aliinuka. "Theodora, mwambie ukweli!"

"Nasikitika sana, Leonard. Nitakuombea," Bi. Brandl alisema, na simu ikakatika.

Kwa hiyo sasa alikuwa mlevi na mwizi wa altare. Lenny aliangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mtu akishakuwa hana mahali pa kulala, hata ukweli wake hupungua uzito, naye alilijua hilo kuliko sisi.

"Kaka Harlan," Delphine alisema, "huyu ametoka hospitali. Mapafu. Unataka nikuoneshe karatasi?"

"Nakuamini bila karatasi. Mji ukitangaza dharura ya baridi, sheria zote zinawekwa kando, analala hata aliyelewa chakari. Nimetazama sasa hivi. Lazima zifike nyuzi kumi chini ya sifuri."

"Sasa ni ngapi?"

"Saba."

"Yaani hajaganda vya kutosha."

"Dada, nikimruhusu yeye, kesho nitamwambia nini mwingine? Wanawake kumi wako humu ndani, wamekuja hapa kwa sababu mlango huu hauingizi pombe. Wengine wamekimbia waume walevi." Alichukua glavu zake nene akamvika Lenny, akamtilia chupa ya chai mfukoni. "Una pa kwenda?"

"Kwa Stanley," Lenny alisema haraka. "Binamu yangu."

Delphine alijua kwamba Stanley alihamia Arizona tangu majani yalipopukutika. Alifungua mdomo aseme.

"Wewe ingia," Lenny alimwambia. "Tazama miguu yako. Tukienda wote wawili tutakufa wote wawili, na hiyo itamfaa nani? Ingia, mama. Stanley atanipa sofa."

Naye akaingia. Hilo ndilo ambalo Delphine hajajisamehe mpaka leo. Alisikia uongo, akaujua ni uongo, na miguu ikamwingiza penye joto.

*

Chakula kilikuwa nyama ya kusaga na viazi vya kuokwa. Mabibi wa kanisa walimpakulia, mmoja akamwambia ana bahati mbaya kuolewa na mtu wa namna ile, akaongeza kijiko cha mahindi kwa huruma. Delphine alikishika chakula mapajani. Harlan alisimama, akavua kofia, akaanza kuomba.

"Bwana, wakumbuke wote walio nje usiku huu..."

"Usimwombee!" Delphine alisema, na sahani ikaanguka. "Nenda ukamlete! Unalijua jina lake, unajua alikopita, unamwambia Mungu wa nini?"

Hakuna aliyeinua macho. Harlan alisimama na kofia yake kifuani, mdomo wazi. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na upepo ukamwingiza Bi. Brandl, koti juu ya gauni la nyumbani, nywele timutimu. Aliendesha ile barabara ya barafu aliyoiogopa. Wakwe aliwaacha mezani na nyama yao.

"Nilimpa mimi," alisema, mbele ya watu wote, wageni na mabibi wa kanisa. "Kikombe. Nilimwita, nikamshikisha. Alikuwa anakusanya vitabu. Nilisema uongo kwa sababu niliogopa mtajitoa, Mzunguko ufe."

"Ungeniambia mimi," Harlan alisema. "Bi. Brandl, ungeniambia tu. Nimemfukuza mgonjwa kwa neno lako."

"Najua," Bi. Brandl alisema.

Akamgeukia Delphine. "Yuko wapi?" akauliza, akanyoosha mikono kama anayetaka kumkumbatia. "Mpendwa wangu, nisamehe..."

"Una gari?" Delphine alimuuliza.

*

Walikwenda watatu. Harlan aliendesha, kwa sababu anaijua theluji. Walipita kituo cha mafuta, walipita hospitali, walipita kibaraza cha benki chenye mlango wa kioo. Walipita hata nyumba ya Stanley, giza tupu, theluji haijakanyagwa. Bi. Brandl alikuwa analia chini chini huko nyuma, na Delphine akatamani kumwambia anyamaze, lakini hakuwa na nguvu ya kumwonea hata hasira.

"Nipelekeni kwa Roxie," alisema hatimaye.

Hakuna aliyemuuliza Roxie ni nani. Wote walikuwa wameshaifikiria baa ile tangu walipotoka, na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aitaje. Ndipo mahali pekee Tamarack panapofunguliwa Jumapili jioni, pana joto, na Roxie hamfukuzi mtu mlangoni.

Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira. Roxie alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamke mnene mwenye miwani kichwani, akamwona Delphine akainua viganja.

"Nilimpa kahawa, Delphine. Nakuapia. Kahawa kwanza. Lakini alikuwa anatetemeka mpaka kikombe kinamwagika, hawezi kusema. Akaomba brandi moja. Ningemnyima vipi? Hata pesa sikuchukua."

Lenny alikuwa kwenye kiti chake cha zamani, kile cha pembeni, karibu na hita. Glavu za Harlan alikuwa amezipanga vizuri juu ya kaunta, na kando yake bilauri tatu. Alipomwona mkewe uso ulimng'aa.

"Delphine! Njoo huku. Njoo uguse, nimepata joto." Akamshika mkono akauweka shavuni kwake. Ni kweli, lilikuwa la moto. "Usinune. Adhabu nimeshapewa, mke wangu. Mwezi mzima. Nikasema, kama kosa nimeshalipia, basi acha angalau nilifanye."

Delphine aliuacha mkono wake pale shavuni.

"Leonard," Harlan alisema, "Bi. Brandl ameeleza kila kitu. Huna kosa. Kitanda chako kipo. Nimekuja kukuomba radhi na kukuchukua."

Lenny alimtazama Harlan, akamtazama Bi. Brandl aliyesimama mlangoni na theluji begani. Akacheka taratibu, bila ubaya.

"Theodora. Umekuja kote huku?"

"Nisamehe, Leonard."

"Mmechelewa kidogo tu," alisema. "Kidogo tu." Kisha akamgeukia Harlan, akatoa kidevu mbele kama mtoto anayenyweshwa dawa. "Haya. Sheria ni sheria. Nipime."

Mkono wa Harlan ulikuwa tayari mfukoni. Wote waliona umbo la kifaa chini ya kitambaa. Roxie akapunguza sauti ya televisheni. Harlan alizitazama zile bilauri kwa muda, na sijui aliona nini, labda vitanda vya watoto vikitolewa nje na kupakiwa kwenye gari la mtu. Uso ukawa mwekundu mpaka masikioni.

"Betri zimekwisha," alisema.

Delphine alikuwa ameziona zile betri zikitolewa kwenye pakiti jioni ile ile. Harlan akachukua glavu zake, akamvika Lenny kidole kwa kidole, akamshika kwapa.

"Twende nyumbani, ndugu yangu."

*

Kule Njia Nyembamba wanaume hulala upande wa piano na wanawake upande wa jikoni, katikati limefungwa pazia. Harlan mwenyewe alimlaza Lenny, akamvua viatu, akaketi karibu na mlango na biblia ambayo hakuifungua. Mabibi walisikia harufu. Walitazamana, mmoja akafungua mdomo, akamwona Harlan, akaufunga. Bi. Brandl alikuwa ameomba aoshe vyombo, na hakuna aliyemzuia.

Delphine alivuta godoro lake mpaka kwenye pazia, akalala ubavu. Upande wa pili alimsikia Lenny akikohoa, kikohozi kizito lakini cha mtu aliye hai. Akapitisha mkono chini ya kitambaa, akapapasa sakafu, akaupata wa mumewe. Ulikuwa na joto. Akamshukuru Mungu, yeye ambaye hana kanisa, kwa kuwa mkono una joto, na alikuwa karibu kulala.

"Delphine."

"Lala, Lenny. Ndiyo hivyo, umefika."

"Kesho ni zamu ya nani?"

"Walutheri."

Delphine alidhani amesinzia. Halafu sauti ikaja tena chini ya pazia, ya chini, ya aibu, sauti ambayo alikuwa hajaisikia miaka kumi na mmoja.

"Hao nao wanatumia divai?"